Kigoda Kilichozikwa Misungwi

Naombeni radhi mapema, wanangu, kwa sababu jambo hili nitalisimulia vibaya. Miaka thelathini nimesimama jukwaani, nimevaa gauni la marehemu mama yenu na kujaza kifuani magunia ya pamba, na kazi yangu siku zote ilikuwa kulichelewesha neno la mwisho mpaka watu washike mbavu. Leo figo zangu zote mbili zimestaafu bila kuniaga, pumzi inakuja kwa mgawo kama umeme, na maneno yatatoka kwa namna yatakavyotaka yenyewe. Rebeka, isogeze hiyo simu, hapana, si kwenye mto, hapo utarekodi mkoromo tu. Justa, acha kukunja nguo, mwanangu, kaa. Na wewe Ndalahwa funga mlango, ukiwa ndani ya mlango, si nje, maana nakujua.

Jambo lenyewe ni moja. Alhamisi mchana basi la kutoka Tanga litaingia stendi ya Nyegezi, na ndani yake atakuwamo mwanamke wa miaka hamsini na saba, umri wangu kabisa, anayeitwa Mboni binti Abdillah. Mtampokea nyote watatu. Mtamwamkia, mtamwita bibi, kwa sababu kwangu mimi ni shangazi, halafu mtampeleka Misungwi na kumkabidhi majaruba yangu matatu ya mpunga, yote matatu, na mtasimama pembeni yake wakati ukoo unabweka. Maana watabweka. Watawaambia hawamjui huyo mama, watasema ni tapeli, watasema baba yenu alikuwa amechanganyikiwa kwa dawa. Sijachanganyikiwa. Nina kinyaa tu. Nina kinyaa cha miaka kumi na miwili kimenikaa hapa kooni, na sitaki kuzikwa nacho, kitanibana.

Tegeni masikio basi, na msinikatize, hata nikikohoa.

Babu yangu, baba yake baba yangu Mayala, aliitwa Machibya. Mwaka arobaini na saba aliondoka Misungwi kwenda Tanga kukata mkonge, kama walivyoondoka vijana wengi wa Usukuma siku zile, wakapakiwa kwenye treni pale Mwanza kama marobota ya pamba, wakashushwa huko mbali, kila mmoja akapewa namba badala ya jina, ndiyo maana watu wakawaita manamba. Alimwacha mke wake Ng'washi, alimwacha baba yangu akiwa na miaka sita, aliacha ng'ombe thelathini na mmoja, aliacha majaruba sita pale bondeni, na alimwacha mdogo wake, Chenge, avitunze. Lishikeni neno hilo: avitunze.

Ikapita miaka sita bila habari. Kisha mtu mmoja akarudi kutoka huko akasema amesikia Machibya kafa kwa homa. Amesikia! Hakuona maiti, hakuona kaburi, hakutaja hata siku. Sasa katika ukoo wetu mtu akifia mbali huzikwa kitu alichokuwa akikigusa sana. Wakachukua kigoda chake cha miguu mitatu, wakakifunga kaniki, wakakichimbia kaburi nyuma ya zizi, wakanyoa nywele, wakalia. Chenge akarithi ng'ombe, akarithi bonde, akamrithi na mjane. Wanasema yeye ndiye aliyelia kuliko wote, na mimi, mtu wa jukwaa, nawaambieni kilio cha namna hiyo nakijua, huwa kinafanyiwa mazoezi.

Mpaka hapo hakuna ubaya wa kutisha. Watu hukosea, habari hupotea njiani. Lakini mwaka hamsini na sita marehemu akarudi.

Alirudi mchana kweupe, kwa baiskeli, sanduku la bati limefungwa nyuma kwa kamba ya mkonge, ndani yake blanketi jipya na doti ya khanga ya mkewe. Akasimama nje ya minyaa ya boma lake mwenyewe, akapiga hodi kama mtu anayeuliza njia. Wazee wakatoka. Wakamtazama. Hakuna aliyesema simjui. Hilo wangelisema ningewasamehe, ungekuwa uongo wa kawaida tu. Walimjua, na Chenge akamwambia hivi:

“Kaka, sisi tulishakuzika. Nywele tulinyoa, tanga tulianua. Sasa unataka watu tuwaambie nini?”

“Waambieni nimerudi.”

“Tukisema umerudi, huyu mwanamke atakuwa mke wa nani? Na huyo aliye tumboni mwake atakuwa wa nani?”

Huyo aliyekuwa tumboni, wanangu, ndiye baba mdogo Luhaga, mwenyekiti wa ukoo wenu, mwenye kofia ya pama na hotuba zisizo na kituo. Sasa mnaelewa kwa nini mtu hakutakiwa kufufuka.

Wakamwekea ugali nje ya ua, chini, kama wanavyomwekea mbwa wa jirani, kwa sababu walisema aliyezikwa hawezi kuvuka lango. Na nani walimtuma kumpelekea maji ya kunawa? Ng'washi. Mke wake. Alipiga magoti na mimba ile, akammwagia maji mikononi, akasema maneno aliyoagizwa aseme: “Karibu, mgeni.” Machibya akanawa vizuri, mkono huu na huu. Hakula. Akafungua sanduku, akaiweka doti ya khanga juu ya nyasi, akageuza baiskeli. Baba yangu alikuwa machungani na ng'ombe, ng'ombe wa Machibya mwenyewe, na aliporudi akaambiwa alipita mgeni wa Shinyanga. Baba amekufa mwaka elfu mbili na tisa akiamini hivyo. Kila mavuno alikuwa akienda kumwaga pombe juu ya kaburi la kigoda, anaomba mvua kwa kipande cha mti.

Nipe maji, Justa. Kidogo tu. Daktari ananipimia maji utadhani ni konyagi.

Sasa mtaniuliza nimeyajuaje haya, maana Misungwi hakuna aliyenisimulia, na mtu wa Misungwi akiamua kunyamaza huwezi kumfungua hata kwa patasi. Mwaka elfu mbili na kumi na tatu walikuja wapima ardhi kutoa hati za kimila, na fomu yao ilikuwa na kisanduku kisicho na adabu hata kidogo: orodhesha warithi wote wa mwenye shamba. Luhaga akawa na wasiwasi. Labda yule mzee, kabla ya kile wanachokiita kifo chake, aliacha mtoto huko Tanga. Wakasema mtu aende akaulize, na wakanituma mimi, kwa hoja moja tu kwamba mimi nina mdomo.

Nikaenda mpaka Korogwe. Siku nne nilizunguka mashamba ya mkonge, mengine yamebaki pori, mengine yanafanya kazi, nikawauliza wazee wa kambini, nikafunguliwa vitabu vilivyoliwa na mchwa. Machibya hayumo. Mle hakuna watu, kuna namba, na pembeni ya namba jina lolote ambalo mtu alijipa siku ile akiwa na njaa. Siku ya tano nilikata tamaa, nikaingia sokoni kununua ndizi, nikamsalimia muuzaji kwa lafudhi hii yetu ambayo hata ukiivalisha suti haifichiki. Mara mkono ukatoka nyuma ukanivua kofia.

“Msukuma!”

“Naam, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Kofia hii imekamatwa.”

“Kosa lake nini?”

“Kukaa juu ya kichwa ambacho ndani hakuna mtu.”

Soko zima likacheka. Alikuwa mzee wa Kizigua anayeitwa Seif, na Wazigua ni watani wetu tangu babu zetu walipokuwa wakitembea kwa miguu kwenda pwani. Mtani anaweza kukuvua kofia, kukutukania ukoo, kukunyang'anya ndizi mkononi, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Nami nikamjibu, nikamwambia Mzigua ni mtu anayelala njaa huku amekalia shamba la machungwa kwa uvivu wa kunyoosha mkono. Akafurahi sana. Kisha akanikazia macho akasema:

“Sasa maiti yenu mnakuja kuichukua lini?”

“Maiti ipi, mtani?”

“Mna Msukuma wenu kwetu. Tulimzika wenyewe, sisi watani, nyinyi mkiwa mmeshika mikia ya ng'ombe. Jina lake Abdillah, lakini akiwa na homa alikuwa akiita Misungwi, Misungwi, utafikiri ni jina la mwanamke.”

Nilikaa chini palepale, kwenye maganda ya ndizi. Babu yangu alirudi kambini na baiskeli yake, akasilimu, akajipa jina ambalo hakuna mtu alikuwa amelizika, akamwoa mwanamke anayeitwa Raya, wakakaa miaka mingi bila mtoto, na mwaka sitini na nane, mwaka niliozaliwa mimi, akazaliwa Mboni. Babu akafa mwaka themanini na moja. Na sikilizeni alivyozikwa, maana hapa ndipo mimi hushindwa.

Mnajua kazi ya mtani msibani. Ni kuwasumbua wafiwa mpaka wacheke ndani ya machozi. Seif siku hizo alikuwa na nguvu zake, akafanya kama desturi inavyotaka: aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akapiga kelele kwamba hatoki mpaka ndugu wa marehemu waje wamkomboe. Watu wakacheka, wakangoja. Akapiga kelele tena. Watu hawakucheka sana. Mara ya tatu akasikia kimya, na palepale, mgongo wake ukiwa kwenye udongo wa baridi, akakumbuka kwamba huyu mtu hakuwa na ndugu hata mmoja pale juu, kwamba utani wake hauna wa kuujibu. Alisema aliona aibu hadi akashindwa kuinuka. Ndipo akasogea binti wa miaka kumi na mitatu, akachomoa kitana kwenye nywele zake, akapiga magoti ukingoni akamnyooshea: “Shika hiki, mjomba. Toka, baba aingie.”

Seif aliniambia alitoka mle akilia kwa sauti, yeye, mtani, aliyeitwa kuchekesha. Mtu baki alilia, wanangu! Na ndugu wa damu, wa ziwa moja, walikuwa Misungwi wanakigawana kitu chake kama fisi, na kaburi la kigoda wamelifagia. Hivi mnanielewa ninaposema natapika? Natapika kweli. Justa, lete beseni... hapana, acha, imepita.

Seif alinishika mkono hadi kwa mjane. Bi Raya alikuwa na miaka karibu themanini, meno mawili, na ulimi wa kuchongea penseli. Akanitazama weee, kisha akasema, “Pua ndiyo hiyo. Masikini, ameirithi.” Akamwita Mboni kutoka jikoni. “Mwamkie shangazi yako.”

Nikasema, “Bi Raya, huyu tumezaliwa mwaka mmoja.”

“Kwani nimekuuliza mwaka? Mwamkie.”

Nikamwamkia. Mboni akaitikia marahaba huku akijizuia, kisha akashindwa akacheka, na lile cheko lilikuwa la baba yangu Mayala, lilelile, linaanzia puani. Nilikuwa sijalisikia tangu tumzike baba. Walinipikia, wakanilaza kitanda cha mwenye nyumba, na Bi Raya akanisimulia habari ya baiskeli na ugali wa nje ya ua, habari ambayo mumewe alimweleza mara moja tu katika ndoa yao yote, siku Mboni alipozaliwa, kisha hakuirudia.

Siku ya kuondoka Mboni alinisindikiza. Hakuomba kitu. Alisema, “Elias, hapa kambini naitwa mtoto wa Msukuma, na Usukumani sijawahi kufika. Nataka tu mahali ambapo nikisema kwetu, mtu asiniulize wapi. Wakinipa hata pa kulima jaruba moja, nitashukuru.” Jaruba moja, la shamba la baba yake mzazi! Nikamwambia asijali, nitalifikisha kwa ndugu.

Kisha ikafika taarifa Misungwi kwamba Machibya hakuacha mtu. Msiniulize sasa hivi ilifikaje, pumzi yangu inasimulia kwa zamu. Mngewaona! Nilishawahi kuona watu wamefiwa na nilishawahi kuona watu wameshinda bahati nasibu, lakini sikuwahi kuona nyuso zinazofanya mambo yote mawili kwa pamoja. Luhaga akatikisa kichwa kwa huzuni, “Masikini baba mkubwa, hakubahatika,” na mkono mwingine tayari unatafuta kalamu. Warithi wakaandikwa wawili: Luhaga majaruba matatu, mimi, kwa niaba ya baba yangu, majaruba matatu. Wakachinja mbuzi. Nami nilikula. Nilipewa paja.

Na kigoda, ndugu zangu hawa wamekijengea! Saruji, vigae vyeupe, msalaba, jina na tarehe ya kufa ambayo mtu alikuwa hai anakata mkonge. Kigoda kinalala kwenye vigae na mwenye kigoda analala chini ya majani huko Korogwe. Kila mwaka wanasimama pale wameinamisha vichwa, wanavuta kamasi.

Miaka mitatu baadaye Mboni, alipoona kimya, akaandika barua kwa ukoo. Luhaga aliisoma kikaoni kwa sauti, ameishika kwa ncha za vidole kama nepi. “Huku tunaambiwa hakuna mtu, huku mtu anaandika barua. Huyu ni tapeli wa mashamba.” Mwingine akadakia, “Mwanamke tena!” Mwingine, “Na dini yenyewe siyo yetu!” Na mwingine, sitamtaja kwa sababu mmezoea kula pilau kwake Krismasi, akasema, “Mzaliwa wa kambi, nani anajua baba yake ni namba ngapi?” Wakacheka. Ile barua ikawashia moto wa chai. Nilikuwepo. Nilikunywa ile chai.

Na nyinyi, wanangu, msikunje nyuso mkadhani mko nje ya hili. Wali wa bonde lile ndio mliosomea. Ndalahwa, banda lako la vipuri pale Mkuyuni limesimama juu ya mpunga ule, na najua umekwisha kumwahidi mtu kumkodisha hayo majaruba nikishafumba macho. Mpigie, mwambie yameshapata mwenyewe. Usinitazame hivyo. Ukinuna nitakuja kukucheka ndotoni, na mimi nikichekesha nikiwa marehemu sitakuwa na kikomo cha muda.

Nimechoka... Isogeze simu, Rebeka, sauti inakwenda.

Wiki iliyopita nilimpigia Mboni. Miaka yote hii namba yake nilikuwa nayo. Nilimwambia njoo. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa, aliuliza tu kama Mwanza kuna baridi, abebe sweta. Mnamwona alivyo? Hana hata adabu ya kunitukana.

Sasa shikeni. Karatasi ya majaruba nimeitia sahihi mbele ya wakili, anayo Justa, na Justa ndiye atakayesema kikaoni, kwa sababu ana sauti ya darasani. Mpelekeni Mboni kwa mtendaji wa kijiji kwanza, ukoo baadaye. Msimwache alale kwa Luhaga, mlalisheni hapa Pasiansi, kitandani kwangu kama nitakuwa nimekwisha kukiachia. Simulizi hii muusikilizishe ukoo mzima, wote wakiwa wamekaa, hata kama watainuka kabla haijaisha. Mimi nizikeni popote penye udongo laini, sina ubishi... Msinivalishe tai.

Mungu awakalie karibu. Justa, upate kicheko nyumbani mwako, umekuwa na uzito mno. Rebeka, mikono yako iliyoninyanyua miezi hii isikose kushikwa. Ndalahwa... nawe pia. Nawe hasa. Mkiona mtu amesimama nje ya lango, Mungu awape miguu ya haraka... ya kwenda kulifungua.

Bado... subirini, usizime.

Luhaga atasimama. Ataweka kofia kifuani, atauliza ni nani mwongo aliyewaambia ukoo kwamba Machibya hakuacha mtu. Msimwonee hapo. Mzee yule... ananitapisha kwa mengi, lakini hilo siyo lake. Yeye aliniuliza. Mara tatu aliniuliza, mbele ya wazee, siku niliyotoka safari: “Elias, una hakika kule hakuna mtu?” Nami nikavuta pumzi, kama jukwaani, nikasema, “Baba mdogo, hata kuku hakubaki.” Wakacheka, wanangu, walicheka hadi machozi. Kisha nikawagawia machungwa, gunia zima, ambalo Mboni alinifungia niwapelekee ndugu zake. Nikasema nimenunua mwenyewe.